Nilimtoa binti ibadani, trei yake ya mayai ikabaki mezani

Shikamoo Baba Mchungaji. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, naishi huku kwetu kwenye migomba, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka jana nilichaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Sikuomba. Jina langu lilitajwa mtaani, watu wakaliunga mkono, na Jumapili ya kuingizwa kazini tukasimama mbele ya madhabahu tukaulizwa kama tuko tayari kumtumikia Mungu kwa uaminifu. Nilijibu huku magoti yananitetemeka. Usiku ule sikupata usingizi wa maana.

Muda si mrefu mchungaji wetu akahubiri Waebrania 12, ile mistari ya mwisho: tumtolee Mungu ibada ya kumpendeza, pamoja na unyenyekevu na kicho, maana Mungu wetu ni moto ulao. Neno lile liliniingia. Nikaanza kuangalia ibada yetu kwa macho mengine, nikaona kicho kimetutoka. Vijana wanachati. Wanakwaya wakishaimba wimbo wao wanatoka nje, wengine hawarudi. Watu wanapiga magoti kwenye meza ya Bwana, na mtu amesimama pembeni anawapiga picha. Nikayasema hayo kwenye baraza la wazee. Wakasema basi, mama, wewe kaa mlangoni utusaidie nidhamu.

Nikakaa. Na hapo ndipo lilipotokea hili linaloninyima raha.

Kuna binti wa miaka kama 20, amepanga chumba karibu na soko, anafuga kuku. Alikuwa ameanza kuja kanisani miezi minne hivi. Jumapili hiyo somo linasomwa, nikamwona ameinamia simu, mwanga unampiga usoni. Nikaenda nikamgusa bega, nikamwambia kwa sauti ambayo mabenchi matatu yaliisikia: "Hapa si stendi. Toka nje umalize mambo yako ndipo uingie." Akanitazama. Hakujibu neno. Akachukua mfuko wake akatoka, na alipokuwa anapita mbele yangu nikakiona kioo cha simu. Ilikuwa Biblia. Somo lile lile lililokuwa likisomwa.

Baada ya ibada kukawa na mnada kama kawaida yetu. Asiye na fedha huleta alicho nacho, kuku, maziwa, parachichi, mkungu wa mchare, vikanadiwa hapo nje na fedha ikaingia kwenye sadaka. Siku hiyo kulikuwa na trei ya mayai ya kienyeji, yamefutwa moja moja mpaka yanang'aa, trei imefungwa kwa kamba ya katani isiteleze. Nilijua ni ya nani, maana yeye huleta kila wiki. Haikunadiwa. Mzee mwenzangu aliisogeza chini ya meza pamoja na jogoo mmoja mkubwa, ikaandikwa shilingi 6,000, akaondoka nayo. Sokoni trei ya kienyeji ni zaidi ya mara mbili ya hapo, kila mtu anajua. Na nisijifanye msafi, Baba. Mwezi wa pili na mimi niliwekewa mkungu wa ndizi kwa namna hiyo hiyo, nikalipa kidogo, nikashukuru, nikaubeba.

Tukaingia ofisini kuhesabu. Redio inatangaza mpira, huyu anapokea simu, huyu anatania, noti zimetapakaa mezani kama karata. Nikauliza kwa upole, hivi hii ndiyo kazi ya Mungu? Mzee mmoja ambaye ni mkubwa kwangu kwa umri, ndiye aliyemsimamia mwanangu wa kwanza ubatizo, akaniambia: "Mama, sisi tunajitolea hapa, hatupewi hata nauli. Mungu anaangalia moyo." Nikanyamaza.

Hii ni Jumapili ya tatu binti hajaonekana. Je, nilikosea kuitetea heshima ya nyumba ya Mungu? Na hawa wenzangu niwafanyeje? Nimefikia hatua ya kutaka kuandika barua ya kujiuzulu.

Mama wa Mlangoni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Asifiwe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama mchungaji mstaafu aliyewahi kukaa kwenye ofisi za kuhesabia sadaka kwa miaka mingi, nikaona aibu. Mara ya pili nikamsoma yule binti. Mara ya tatu ndipo nikakusoma wewe, na nikamshukuru Mungu kwamba wewe mwenyewe uliutaja ule mkungu wa ndizi. Ungeuficha, jibu langu lingekuwa fupi na kali zaidi.

Katika Biblia yupo mzee mwingine aliyekaa mlangoni. Fungua 1 Samweli, sura ya kwanza. Eli kuhani ameketi kitini pake penye mwimo wa hekalu la Bwana kule Shilo. Mbele yake yuko mwanamke anaomba, midomo inacheza lakini sauti haisikiki. Eli anamtazama, anaamua amelewa, anamkemea: utalewa hata lini? Kumbe ni Hana. Hakuwa ameonja divai wala kileo, alikuwa anaimimina nafsi yake mbele za Bwana. Katika hekalu lote siku ile huenda hapakuwa na mtu aliyekuwa karibu na Mungu kuliko huyo aliyeitwa mlevi.

Sasa geuza ukurasa mmoja tu. Sura ya pili, wana wa Eli, Hofni na Finehasi, wako jikoni kwa Bwana. Watu wakileta dhabihu, mtumishi wa kuhani anakuja na uma wa meno matatu, anauchoma chunguni, kinachopanda nao ni cha kuhani. Baadaye hata hilo halikuwatosha. Wakaanza kudai nyama mbichi kabla mafuta hayajateketezwa kwa Mungu, na mwenye dhabihu akisema ngoja kwanza, anaambiwa lete sasa hivi, ama sivyo tutaitwaa kwa nguvu. Na Biblia inasema dhambi yao ilikuwa kubwa sana mbele za Bwana, kwa kuwa sadaka ya Bwana ilidharauliwa.

Umeona zilivyo jirani habari hizo mbili? Mzee yuko mkali mlangoni kwa mwanamke mwenye machozi, na nyuma yake nyama ya Mungu inaibwa na watu wa nyumbani mwake. Tangu nilipopokea barua yako sikuweza kuzisoma tena sura hizi bila kuiona trei ya mayai chini ya meza.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu wazi. Ulikosea. Hukukosea kutaka kicho katika nyumba ya Mungu, na ombi langu ni kwamba hamu hiyo isikutoke hata siku moja, maana wazee wengi wameipoteza na hawajui waliipotezea wapi. Ulikosea ulipokitafutia kicho mahali pepesi. Binti mpangaji asiye na ndugu pale kanisani ni rahisi kumgusa bega. Mzee aliyemsimamia mwanao ubatizo si rahisi. Nguvu uliyokuwa nayo ukaitumia kwa asiyeweza kukujibu, na ulipofika ofisini ikawa imekwisha.

Turudi kwenye lile andiko lililokuingia. Waebrania 12 inaishia kwenye moto ulao, na wahubiri wengi nasi tunafunga Biblia hapo, watu wanatoka wameinamisha vichwa. Lakini barua ile ilipoandikwa haikuwa na sura. Mgawanyo wa sura uliwekwa karne nyingi baadaye. Mwandishi hakupumzika baada ya moto, aliendelea moja kwa moja: upendano wa ndugu udumu. Msisahau kuwafadhili wageni. Wakumbukeni waliofungwa. Mistari michache mbele anasema msiwe watu wa kupenda fedha. Hivyo ndivyo ibada ya kicho inavyoanza kuonekana kwake, katika ndugu, mgeni, mfungwa, ndoa, fedha. Kwenye usharika wenu Jumapili ile mgeni alikuwa kwenye benchi lake na simu mkononi, na fedha zilikuwa ofisini na redio ya mpira.

Kiswahili chetu kimetutunzia neno zuri hapa. Mtu anamwogopa mbwa, anamwogopa polisi, lakini Mungu tunasema tunamcha. Kicho kimetoka huko. Anayeogopa hukimbia au hujificha. Anayemcha Mungu husogea karibu, ila anasogea akijua yuko mbele ya nani. Musa kwenye kile kijiti kilichowaka hakufukuzwa, aliambiwa avue viatu.

Nilipokuwa kijana nilisaidia kwenye kanisa la kijijini ambalo kengele yake ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti wa mparachichi. Mtunza kanisa alikuwa mzee mmoja asiyejua kusoma vizuri. Jumamosi jioni alikuja na ndoo ya maji na kitambaa cheupe ambacho mkewe alikifua peke yake, hakikuchanganywa na nguo nyingine. Alikuwa anavua viatu kwenye kizingiti, anaviweka vimeelekea nje, halafu anaviosha vile vikombe vidogo vya meza ya Bwana kimoja kimoja. Akimaliza kukiosha anakiinua kwenye mwanga wa dirisha, anakizungusha, akiona alama ya kidole anakirudisha majini. Kanisa lilikuwa tupu. Hakujua kama nimesimama mlango wa pembeni. Siku moja nikamuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, nani ataiona alama ya kidole? Akanijibu kwamba kesho kuna mtu atakuja amechoka na maisha, na kikombe kitakuwa mkononi mwake. Hakutaja moto wala hasira ya Mungu, ila alimtaja huyo mtu.

Nimehudumu miaka mingi baada ya hapo, nimekaa kwenye semina nyingi za uongozi, na bado yule mzee ndiye ninayemkumbuka neno kicho likitajwa. Alivishika vitu vya Mungu kama visivyo vyake, na aliviandaa kwa ajili ya watu wa Mungu. Mkiyaweka pamoja hayo mawili pale kwenu, mengi yatajinyoosha yenyewe.

Nije kwenye mnada, maana hapa sitaki kupita juu juu. Mnada wa sadaka ni kitu kizuri sana na nawasihi msiufute kwa sababu ya aibu hii. Umewapa nafasi akina mama wasio na noti kumtolea Mungu kilichotoka kwenye mikono yao. Yai lile alilifuta binti kwa kitambaa, akiwa peke yake chumbani kwake, akimfikiria Mungu. Likishaingia kanisani si la mzee, si la mchungaji, na kwa kweli hata si la usharika kwa maana ya kwamba tunaweza kugawiana. Kuliweka chini ya meza na kulilipia nusu ni ule uma wa meno matatu, hata kama fedha imeandikwa kitabuni. Tena inauma zaidi ukikumbuka kwamba wanaotoa vitu badala ya fedha ndio mara nyingi wasio nacho.

Na yule mzee aliyesema Mungu anaangalia moyo, maneno hayo Mungu alimwambia Samweli alipokuwa anatafuta mfalme kati ya wana wa Yese, asidanganyike na urefu na sura. Hayakutolewa kuwa shuka la kufunikia meza ya fedha. Paulo alipokuwa anakusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakusema Mungu anaujua moyo wangu, niacheni. Soma 2 Wakorintho 8, mstari wa 20 na 21. Alituma ndugu wengine waende pamoja na mchango ule ili mtu asije akamlaumu, akasema anafikiri yaliyo mema si mbele za Bwana tu, ila na mbele za wanadamu. Mtume mzima, aliyetokewa na Bwana njiani, alitaka mashahidi wa fedha. Sisi ni akina nani tusiwatake?

Sasa ufanye nini? Anza na mkungu wako. Kadiria kwa haki bei yake ya sokoni mwezi ule wa pili, toa ulicholipa, kinachobaki kipeleke kwa mhasibu wa usharika na udai stakabadhi. Usiweke kimya kimya kwenye kapu la sadaka. Unalipa deni, kwa hiyo liandikwe kama deni lililolipwa. Ukishaishika stakabadhi hiyo ndipo utakuwa na mdomo wa kusema, kabla ya hapo ungekuwa unamrushia mwenzako jiwe na wewe umelishika la kwako.

Kisha nenda kwa yule mzee wa mayai, wewe na yeye, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18. Nenda nyumbani kwake, muamkie kama ulivyomwamkia siku zote, na anza na habari ya ndizi zako. Mwambie ulivyojisikia. Wazee wengi wa namna hiyo si wezi wa moyo, wameingia kwenye mazoea yaliyokuwepo kabla yao na hakuna aliyewahi kuwaambia. Huenda akarudisha kabla hujamaliza chai. Akikataa, mchukue mwingine mmoja. Akiendelea kukataa, mchungaji wako lazima ajue, na usimpelekee uvumi bali kitabu cha mnada, tarehe na kiasi, maana 1 Timotheo 5 inataka mashtaka juu ya mzee yawe na mashahidi wawili au watatu. Msiongee habari hii kwenye vikundi vya WhatsApp vya mtaa. Nakuomba sana. Nimeona usharika ukipasuka kwa ujumbe mmoja wa sauti uliosambazwa usiku.

Kuhusu utaratibu, peleka pendekezo kwenye baraza na lisiwe la kumlenga mtu. Kila kitu kinachotolewa kiandikwe kinapopokelewa, na namba yake, na kiwe juu ya meza mpaka kinadiwe mbele ya watu. Wazee wanunue kama wengine, kwa kupandisha bei wakisikika, na anayenadi asinunue kabisa siku ya zamu yake. Ofisini muanze kwa sala, redio izimwe, simu ziwekwe kwenye kapu moja mpaka hesabu iishe, wahesabu watu wasiopungua watatu wasio wa nyumba moja, wasaini wote. Mtashangaa jinsi kelele zinavyopungua mtu akijua analotia sahihi.

Huku ibadani nenda polepole. Vijana wengi siku hizi Biblia yao iko kwenye simu, na hilo si dharau. Mchungaji atangaze mwanzoni kwamba simu ziwe bila sauti na picha zisipigwe wakati wa meza ya Bwana, neno litoke madhabahuni siyo begani. Wanakwaya wanaotoka nje waonyeni kupitia mwalimu wao wa kwaya, wakae wasikie Neno wanaloliimba. Lakini usiudhanie ukimya kuwa ndio kicho chenyewe. Daudi alipolileta sanduku la Bwana mjini alicheza kwa nguvu zake zote, na hiyo ilikuwa miezi mitatu tu baada ya Uza kufa kwa kuligusa, kwa hiyo hakuwa mtu aliyesahau Mungu ni nani. Na baada ya ibada ile aliwagawia watu wote, wanawake kwa wanaume, kila mtu mkate na chakula, ndipo wakaenda nyumbani.

Kujiuzulu sikubaliani nako. Eli aliwaambia wanawe maneno mazuri sana, yasome, ni maneno ya baba mwenye uchungu. Lakini Mungu alimhesabia kwamba hakuwazuia. Ukiondoka leo utakuwa umesema kama Eli na umeacha kama Eli, na mayai yataendelea kwenda chini ya meza bila hata mtu wa kuona vibaya. Kama baada ya kufuata njia hizi zote baraza likagoma, niandikie tena, tutazungumza.

Na sasa binti, ambaye nimemweka mwisho kwa makusudi ingawa yeye ndiye wa kwanza kuendewa. Kabla ya mzee, kabla ya baraza, kabla hata ya stakabadhi. Kuna jambo moja la Eli ambalo wahubiri tunalipita haraka. Hana alipomweleza, Eli hakujitetea. Hakusema ulionekana kama mlevi, wala hakusema mimi nalinda heshima ya hekalu. Kuhani mkuu, kwenye kiti chake, aligeuza maneno palepale mbele ya mwanamke asiye na cheo: enenda kwa amani, na Mungu wa Israeli akujalie dua yako. Hana akaenda zake, akala, na uso wake haukukunjamana tena.

Wewe uliyasema yako mbele ya mabenchi matatu, kwa hiyo siku binti akirudi ukakae naye benchi moja, watu wakuone, mtu mwingine achukue zamu ya mlango. Lakini hilo ni la baadaye. Jumamosi hii saa kumi na moja jioni, mfugaji anapoingiza kuku bandani, nenda kwake. Nenda peke yako, usivae kitenge cha wazee wa kanisa. Usimpelekee Biblia ya karatasi kama zawadi, ataisikia kama hukumu. Mwambie kwa kinywa chako kwamba uliona alichokuwa anasoma, kwamba ulimkosea, na kwamba unaomba msamaha. Usiongeze "lakini". Asipojibu, vumilia, umpe muda wake.

Akikukaribisha ukae, kaa hata kama ni kwenye ndoo. Muulize kuku wake wanaendeleaje, wangapi wanataga, na msaidie kufunga mlango wa banda.